Siku Marumaru Ilipopanda Mabegani

Meza ile iliyo nyuma ya mlango, ambayo nyie mnaiwekea chai na chapati, naomba msiiwekee tena. Siku ninakabidhi funguo niliwasikia mkisema itolewe ipasuliwe kuni, kwa kuwa zimeingia meza mpya za alumini, zinakunjwa, zina vikombe vya mpira vya kunyonya jiwe lisiteleze. Sipingi. Nimezijaribu, ni nzuri, na zingekuja mapema mgongo wangu leo ungekuwa mgongo wa mtu mwingine. Lakini mmeniomba niwaachie kumbukumbu za kazini, na kila nikikaa kuandika naona mambo yote yanaanzia kwenye meza hiyo.

Shule yangu ni ya msingi, na sentensi zangu zikiwa ndefu huwa zinapotea njia. Nikikosea, aliyekuwepo anisahihishe. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache. Mishahara nayo sitaiandika, isije ikawachekesha kabla sijafika panapochekesha.

Nilitoka Masasi nikaingia Dar miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani na kila mtu mwenye nyumba anataka sakafu inayong'aa kama ya jirani. Bwana Dinesh alikuwa na duka la marumaru mbele na karakana nyuma, hapa hapa Gerezani mnapokaa nyie. Alizaliwa Kariakoo, na Kiswahili chake cha mtaani kilinishinda mimi niliyekuja na Kimakua changu. Siku ya kwanza alinipa ufagio na kopo. Ufagio wa vumbi, kopo la kumwagia maji kwenye diski wakati fundi anakata, ili diski isiungue na jiwe lisipasuke kwa joto. Akaniuliza jina.

"Emerensiana."

"Eh! Mpaka nimalize kukuita, maji yatakuwa yamekauka. Wewe Eme."

Nikawa Eme mpaka leo.

Fundi alikuwa Fundi Luka, mzee wa kwetu kusini, amejifunza ujenzi misheni. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa "taratibu". Alikatia sakafuni, amechuchumaa, marumaru ikiwa juu ya gunia. Wakati ule zilikuwa ndogo, unaweza kushika moja kama sahani ya ubwabwa. Mimi nilitamani kukata, lakini vijana wa karakana walisema mwanamke hawezi kuchuchumaa vile na sketi mbele ya wateja. Niwe mkweli, sketi zenyewe za miaka ile zilikuwa upande wao.

Kisha meli zikaanza kuleta kubwa. Ya kwanza kuiona nilidhani ni mlango. Tuliilaza juu ya magunia, Fundi akakata mpaka katikati, sakafu ikiwa na kijibonde ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na jiwe likalia "ta!" likaenda njia yake lenyewe. Fundi alikaa akautazama ule ufa kama mtu anayesoma. Halafu akasema, "Hili jiwe linataka kitanda."

Ndiyo meza yenu hiyo. Fanya kama mimi, inama uitazame. Juu yake hakuna ubao mmoja mpana, kuna fito, na kati ya fito pana nafasi, ili maji na tope la jiwe vishuke chini, na diski ikivuka jiwe isile meza. Juu ya kila fito kuna utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, jiwe likilala halisogei. Fito zimekaribiana ili jiwe lishikwe mwili mzima. Likishikwa kichwa na miguu tu, kiuno kinashuka, na jiwe halina kiuno. Ukikata, vipande vyote viwili vinabaki vimelala, hakuna kinachoning'inia kikavunja mwenzake. Mguu mmoja ulikuwa mfupi tangu mwanzo, Fundi akauwekea kipande cha boksi la sabuni. Boksi limebadilishwa mara nyingi, ufupi ni ule ule.

Na kwenye meza mtu anakata akiwa amesimama. Sketi ikatoka kwenye mjadala. Fundi akanipa diski, akashika yeye kopo la maji, akasema "taratibu". Huwa nasema meza ndiyo iliyonipa kazi, ingawa meza aliitengeneza Fundi, kwa hiyo labda nasema kitu kimoja mara mbili.

Tatizo lilianzia kwa wateja. Siku moja mteja wa Ilala alisimama mlangoni, hakuvuka.

"Bosi, siku hizi mnaosha maiti humu?"

"Tunakata marumaru, ndugu yangu."

"Na hicho kitanda?"

Ndipo tukatazama. Fito, nafasi za maji kupita, ndoo chini, urefu wa mtu. Kwa anayejua vitanda vya kuoshea maiti, na Kariakoo wengi wanavijua, hakukosea. Habari ikaenea. Mama mmoja aliagiza marumaru za jikoni akazirudisha, akasema hawezi kupikia watoto juu ya kitu kilicholala pale.

Bwana Dinesh alituita. Simlaumu, duka ni lake na hofu ilikuwa ya haki.

"Fundi, mimi na meza yako hatuna ugomvi. Ila wateja wananiingilia na mguu mmoja. Kazi ya Mama Hansa ikifika salama, meza ibaki, nitawaambia watu ndiyo siri ya duka. Ikivunjika, meza kuni, tunarudi sakafuni."

Nikamuuliza, "Na mimi bosi?"

"Wewe Eme ufagio wako upo, haujaenda popote."

Aliyasema bila ubaya, na ndiyo maana yaliniuma.

Sasa kazi ya Mama Hansa. Alikuwa mama wa Kihindu anayekaa ghorofani Kisutu na mumewe, na alitaka marumaru moja nyeupe, kubwa, yenye upinde uliokatwa ndani yake, isimame mbele ya sehemu yao ya ibada nyumbani. Diwali ilikuwa inakaribia na alitaka taa zake ziwake hapo. Marumaru mbili tulishamkatia, zote zikafia kwenye mkokoteni kabla ya kutoka Gerezani. Hii ya tatu ilikuwa ya mwisho, meli nyingine haijulikani.

Nilikata mimi. Upinde nitawaambia mara moja: kwenye kona usifike na diski. Toboa tundu la mviringo kwanza, diski iishie kwenye tundu, maana jiwe linapenda kupasukia kwenye kona kali. Ulipotoka, juu ya upinde palibaki pembamba kama shingo ya kuku. Hapo ndipo penye shida. Kawaida jiwe kubwa hubebwa limesimama, kama kioo. Hili likisimamishwa likatikiswa, shingo inakwenda. Lilipaswa kulala, na lilale pale pale lilipokatiwa, lisiguswe mpaka Kisutu. Kwa hiyo meza nayo isafiri.

Naomba nigawanye kwa haki, kwa sababu yaliyofuata kila mtu ana kipande chake. Fundi alifungua miguu ya meza akaitoa, akafunga miti miwili mirefu ubavuni, ncha nne za kushikia. Mimi nilipinda nondo nyembamba nikazisimamisha juu ya jiwe kama matao, kwa sababu Kariakoo ukipita na kitu bapa mtu ataweka furushi lake juu yake huku anakuuliza unaenda wapi. Na Bwana Dinesh alileta pazia la sebuleni kwake, zito, la kijani.

"Funikeni vizuri," akasema. "Mtu asione zile fito, nisije nikaulizwa tena habari za maiti."

Waislamu wasomaji wangu hapa wameshaanza kucheka. Sisi hatukucheka. Bosi ni Mhindu. Mimi na Fundi tumekulia misheni, kwetu mtu anazikwa na sanduku. Wapagazi watatu tuliowachukua mlangoni walikuwa Waislamu, na mmoja wao alipoona lile pazia alivua kofia yake ya jua, akatoa baraghashia mfukoni, akavaa. Nilidhani ni kijana anayejiheshimu.

Tukatoka, Fundi na wapagazi watatu kwenye ncha nne, mimi pembeni. Chini ya pazia, juu ya jiwe, niliweka pimamaji, na kila baada ya muda nilifunua ncha ya pazia nione kitone cha hewa kimekaa wapi. Kikikimbilia upande mmoja, najua nani ameshusha mkono.

Tulipotokea Msimbazi nilishangaa. Nyie mnaijua Msimbazi. Wauza mitumba walisogeza mafurushi yao. Redio ya duka la kanda ikapunguzwa, halafu ikazimwa. Teksi ilisimama. Msimbazi, teksi, ikasimama! Wanaume waliokuwa wamekaa wakainuka. Nikasema moyoni, hatimaye watu wameanza kuuheshimu ufundi.

Mwanamume mmoja akatoka dukani kwake, akamgusa bega mpagazi wa mbele, akachukua ncha yake bila neno. Mwingine akampokea wa nyuma. Wa tatu akamwendea Fundi Luka.

"Pole mzee wangu. Pumzika."

"Hapana, hapana, mimi ndiye..."

"Tunajua. Pole sana. Utulie."

Wakamtoa pembeni kwa upole, wakamshika mikono. Fundi machozi yalimlenga, maana jiwe lake linaondoka na watu asiowajua, na neno lililomtoka ni lile lile, "Taratibu, jamani, taratibu." Walizidi kumwonea huruma. Na meza ikapanda kutoka mikononi hadi mabegani.

Mpaka hapo bado sikuelewa. Nilikimbia pembeni, nikafunua pazia nione kitone. Kilikuwa katikati kabisa. Hakijawahi kukaa katikati vile tangu tutoke. Ndipo mkono ukanishika.

Alikuwa mzee wa kanzu na bakora, sauti ya chini.

"Mwanangu, unafunua nini?"

"Shikamoo babu. Natazama kama imekaa sawa."

"Marahaba. Usimfunue mtu barabarani. Na wanawake hawafuati jeneza. Rudi nyumbani ukakae na wenzako."

Jeneza! Nikatazama mbele. Pazia la kijani, matao yangu, mabega, watu wanapokezana. Nikaona kila kitu mara moja.

"Babu, siyo mtu! Ni marumaru!"

Kelele za Kariakoo mnazijua. Mzee akaweka mkono sikioni. "Mariamu?"

"Marumaru!"

"Mariamu wa vitumbua?" Uso ukamshuka. "Jamani. Asubuhi hii nimekula vitumbua vyake."

Nyuma yake mama mmoja akapiga yowe. "Mariamu kafa!" Habari ikanipita ikienda mbele haraka kuliko mimi. Waliokuwa wanatazama tu, sasa wakajiunga, kwa sababu Mariamu aliwauzia nusu ya mtaa. Na badala ya kunyoosha kuelekea Mnazi Mmoja, tukashike njia ya Kisutu, msafara ukakata kona. Adhuhuri ilikuwa karibu, walikuwa wanampeleka marehemu msikitini akaswaliwe.

Nilisimama nikafikiri, jambo ambalo sina hakika nalo sana. Nikipiga kelele zaidi, itatokea nini? Wakigundua kwa ghafla kwamba hakuna maiti, watu wengi vile, kila mmoja ataachia akidhani mwenzake ameshika. Jiwe linakufa, meza kuni, mimi ufagio. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuwaambia kwa namna ya kueleweka kwamba Mariamu hajafa.

Nikakimbia hadi kona ya Mariamu. Alikuwa amekaa mbele ya chuma chake cha vitumbua, mwiko mkononi, mama mnene mwenye mdomo usio na mlango.

"Dada Mariamu, umekufa. Twende ukaniokoe."

Akanitazama. "Nimekufa lini, na unga wangu haujaumuka?"

Nikamweleza huku navuta pumzi. Nilipofika kwenye "wanakupeleka msikitini" alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Watu wengi?"

"Msimbazi nzima."

"Muuza nazi yupo?"

"Sijamwona."

"Nitamkumbuka huyo." Akamwachia jirani mwiko, akajifunga khanga vizuri kama mtu anayekwenda harusini. "Twende nikaone nimefiwa na nani."

Njiani nilimwomba jambo moja: asitokee mbele yao kwa ghafla, wataachia. Aanze na salamu. Sijui wazo lilitoka wapi, labda lilikuwa lake nami nimelichukua kadiri miaka inavyopita. Lakini najua hivi, mtu wa Dar ukimsalimia atajibu kwanza, mengine baadaye, hata kama nyumba inaungua.

Tuliwakuta geti la msikiti linaonekana. Mariamu alikwenda kwa ubavu, akaanza na yule mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu." Mzee macho chini.

"Asalaam alaykum," akawaambia wabebaji, mmoja mmoja, kwa sauti tamu.

"Waalaykum salaam." "Waalaykum salaam." Wakajibu, wakapunguza mwendo, kwa sababu huwezi kumjibu mtu ukamkimbia.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, dada Mari..."

Aliyekuwa amesema hivyo alikuwa kwenye ncha ya mbele kushoto. Alimtazama, akatazama pazia, akamtazama tena, akaachia akarudi nyuma na mikono juu. Meza ikainama. Nilisikia pimamaji inateleza juu ya jiwe, mlio wake nitausikia mpaka nife kweli. Mariamu akaingiza bega lake nene chini ya ule mti, meza ikasimama.

"Acha!" akasema. "Nyie mtaniangusha. Najibeba mwenyewe!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu kumi, halafu mtaa mzima. Na kicheko nacho ni hatari, mbebaji akicheka mabega yanaruka. Niliona pazia linatetemeka. Aliyeokoa hapo hakuwa mimi wala Mariamu, ni yule mzee. Alipiga bakora chini.

"Mkisimama kucheka, mcheke bila mzigo. Mmelishika, litafika. Binti, kumbe ulisema marumaru. Jiwe lako linakwenda wapi?"

"Kisutu, babu. Kwa Mama Hansa."

"Haya. Kisutu! Pokezaneni kama mlivyokuwa. Mwendo ule ule."

Nikachukua mimi ncha ya Mariamu ili yeye atangulie, na hakuna aliyeniambia wanawake hawafuati. Mariamu akaenda mbele akipungia watu mkono, anapokea pole zake mwenyewe. Kila anayeuliza, anajibiwa na sauti nyingi, "Ni marumaru!" Fundi Luka alikuja nyuma ameshikwa mikono bado, kwa sababu waliokuwa wanamfariji walikuwa hawajasikia habari.

Mama Hansa alikuwa roshani. Aliona pazia la kijani, umati, na msafara unageukia mlangoni kwake.

"Siyo hapa!" akapiga kelele. "Kwetu hajafa mtu!" Kisha akageuka, akaingia ndani mbio. Baadaye alituambia alikwenda kumtazama mumewe, aliyekuwa amelala kitini baada ya chakula, kama anapumua. Alimwamsha kwa nguvu hivi kwamba mzee wa watu alitoka kwenye ngazi akiwa na kiatu kimoja.

Ngazi za Kisutu ni nyembamba, lakini wale watu walipandisha meza kwa kupokezana juu na chini, bila mtu kupiga kelele, mpaka mbele ya ile sehemu ya ibada. Nilifunua pazia mimi. Pimamaji ilikuwa imelala pembeni. Jiwe lilikuwa zima. Nilipitisha kidole shingoni mwake, hakuna ufa hata wa unywele. Fundi alikaa chini kwenye sakafu ya watu, akasema "taratibu", ingawa hapakuwa na kitu kilichobaki cha kwenda taratibu.

Mama Hansa aliwapa watu wote maji na peremende. Yule mzee wa kanzu alilitazama jiwe kwa muda, akaniambia kazi ni nzuri, ila pazia nibadilishe rangi.

Bwana Dinesh alitimiza neno lake. Meza ikabaki, mimi nikabaki nayo. Aliwaambia wateja wote kwamba kwake jiwe linasindikizwa, na hadithi ilileta watu kuliko kitanda kilivyowafukuza. Hata hivyo yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akiiegemea ile meza. Mariamu alijiita marehemu mpaka alipohama Kariakoo, na muuza nazi alinuniwa muda mrefu kwa kutomzika. Fundi alistaafu kabla yangu akarudi Ndanda, na siku ya kuondoka aliibadilishia meza boksi la sabuni, akaniambia lile neno lake.

Tangu siku ile nilifundisha kila aliyekuja hapa kubeba jiwe kubwa la kulala namna ile: begani, mwendo mmoja, anayechoka anaguswa bega, anayepokea haulizi, na jiwe halisimami hata mara moja. Nyie mmejifunza hivyo kutoka kwangu bila kujua nimeyatoa wapi. Sasa mnajua.

Kwa hiyo mkiamua meza itoke, itoeni, karakana ni yenu na nafasi ni ndogo. Nina ombi moja. Msiifunike kitu. Na kama mtaifunika, mkashika Msimbazi, mkaona mtu anatoka dukani kwake anakuja kuwagusa bega, msibishane naye. Mwachieni ncha. Mwambieni tu mapema ni ya Kisutu, au ni ya kuni.